Mama Tulia na Watoto wa Filamu

Ndugu, majirani, na nyinyi mliofanya naye kazi: mimi ni mdogo wake wa mwisho, yule aliyelelewa mgongoni mwake. Familia imenipa jukumu la kusoma haya. Sauti ikinikwama, maneno yote yamo kwenye karatasi mlizopewa mlangoni. Endeleeni kusoma, nami nitawakuta mbele.

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tulia, alizaliwa Jumanne tarehe 6 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yetu alikuwa mlinzi wa zamu kiwandani hapo, na mama alishona nguo za watu kwa cherehani ya mkono iliyokaa chini ya dirisha. Dada alikuwa kifungua mimba. Baada yake walifuata kaka yetu, dada yetu wa pili, na mimi kitindamimba. Nyumba ile ilinukia sabuni mwaka mzima. Watoto wa shule walitutania kwamba sisi ndio watu wasafi kuliko wote, na ukweli ni kwamba maji ya kuoga tulikuwa tunayagombania.

Julai 1962 mama alipelekwa hospitali na hakurudi. Wakubwa wakakaa, wakakubaliana kwamba watoto waambiwe mama amepelekwa mbali kwa matibabu. Dada, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, aliamini. Kila asubuhi aliifuta ile cherehani vumbi, akawakataza wadogo zake kugusa uzi, kwamba mama akirudi ataukuta umevurugika na wote tutakiona cha moto. Mpaka siku moja, kwenye foleni ya bomba, msichana wa rika lake alimuuliza bila ubaya wowote, "Mbona unacheka hivyo, na mama yako ameshazikwa?"

Dada aliiacha ndoo pale pale akaenda kusimama kwenye lango la kiwanda. Baba alipotoka na kumwona, alijua. Hakukana. Alimwambia, "Nilitaka kwanza mkue kidogo."

Nilipokuwa mtu mzima dada alinisimulia hayo, mara moja tu, tukichambua mchele. Alisema kifo cha mama alikizoea, kama mtu anavyozoea kutembea na mguu mbovu. Asichokizoea ni zile siku alizokuwa akicheka huku mtaa mzima ukimtazama kwa huruma, na yeye akidhani wanampenda tu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kubaki nami, alinibeba mgongoni mpaka darasani. Mwalimu wa darasa la sita alimkubalia kwa sharti moja: "Akilia, mnatoka nje wote wawili." Basi dada akajifunza kunisikia kabla sijalia. Pumzi yangu ikibadilika tu shingoni mwake, alisema kwa sauti ya chini, "Tulia, tulia," bila kuinua macho kwenye daftari. Wanafunzi wenzake walilidaka neno hilo. Likawa jina lake, na alipokuja kuzaa likaongezewa Mama. Alimaliza darasa la saba mwaka 1965 akiwa na alama nzuri kuliko wasichana wote, lakini hakuendelea. Wadogo walikuwa watatu na baba alikuwa mmoja. Hakuwahi kutusimanga kwa hilo. Mwaka 1971, nilipokuwa nimeanza kujifulia mwenyewe, alijiunga na masomo ya jioni ya ualimu wa chekechea, akapata cheti chake Desemba 1973, na akaanza kufundisha katika ukumbi mdogo nyuma ya posta.

Sasa niseme juu ya kazi ambayo wengi mlimjua kwayo.

Mwaka 1978 walifika pale chekechea watu waliokuwa wakitafuta watoto wa kuigiza. Walitengeneza filamu za familia, zile za watoto wanaokua, wanaohama nyumba, wanaopata mdogo wakamwonea wivu, wanaoogopa siku ya kwanza ya shule. Waliwachukua wanafunzi wachache wa dada. Siku ya kwanza ya kurekodi, hakuna aliyefungua mdomo. Taa zilikuwa kali, watu walikuwa wengi, na mwongozaji alikuwa na sauti ya mnada. Mtoto mmoja akasema anamtaka mwalimu wake. Dada akaitwa. Akaomba kigoda, akakiweka chini ya kamera pale ambapo haonekani, akakaa, akawatazama. Watoto wakaanza kusema maneno yao kama wanamsimulia yeye habari za nyumbani kwao.

Kuanzia siku hiyo kigoda kile hakikuondoka. Akawa mlezi wa watoto kwenye seti, kazi ambayo kabla yake haikuwa na mwenyewe. Alikuwa na masharti yake. Mtoto hafanyi kazi na njaa. Mtoto akisema anataka kwenda haja, kamera inasubiri. Na mtoto halizwi kwa hila. Wakati ule kulikuwa na mtindo wa kumpaka mtoto kitunguu chini ya macho, au kumfinya, au kumwambia mbwa wake amegongwa na gari. Mpambaji mmoja alimjia na kitunguu kilichokatwa, dada akakipokea, akashukuru, akakipeleka kwa mpishi. "Hiki ni cha jikoni," alisema. "Kama huyu mtoto hana cha kulilia leo, basi leo hatalia. Andikeni kwamba amenuna."

Kuna filamu moja ambayo mkiitazama vizuri mtaona mkono wake. Mtoto anateleza kwenye ngazi, kweli kabisa, haikuwa imepangwa, na mkono wa mwanamke unaingia upande wa chini wa picha kumdaka kisigino, kisha unatoweka. Waliamua kuuacha. Nyumbani tulikuwa tunasubiri pale pale, mkono ukitokea tunapiga makofi, na dada anasema, "Haya, mmeniona nyota wenu. Kapikeni."

Mwaka 1980 alifunga ndoa na fundi sauti wa kampuni hiyo, mtu mkimya ambaye alimposa kwa kumvalisha vile vidude vya masikioni ili asikie sauti yake mwenyewe akiwatuliza watoto, halafu akamuuliza kama angependa kuishi na mtu anayeisikia hivyo kila siku. Shemeji yetu alikuwa na maneno machache na yote aliyatumia siku hiyo. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Mwaka 1982 alijifungua mtoto wa kiume, wa pekee, ambaye amekaa hapa mstari wa mbele.

Mwanawe ameniomba nisipake rangi, nami nimemwahidi. Filamu zilimchukua dada wiki kwa wiki, na mumewe naye alikuwa huko huko, kwa hiyo mtoto alikulia kwangu zaidi kuliko kwao. Alimwona mama yake kama sisi wengine tulivyomwona, mkono kwenye pembe ya picha. Alipokuwa kijana alimwambia mbele yangu, "Mama, unajua kila mtoto wa mtu anaogopa nini. Mimi je?" Mwaka ule ule mwanawe aliondoka kwenda kusoma mbali, akabaki huko kufanya kazi, na kwa miaka mingi kilichokuja ni salamu za sikukuu.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo la mwaka 1986, na familia imekubaliana lisomwe.

Kampuni ilikuwa ikirekodi filamu ya msichana anayelelewa na baba yake fundi viatu. Baba anasafiri kutafuta kazi, anakaa sana, na mwisho anarudi. Msichana aliyeigiza alikuwa na miaka tisa, mwembamba, kichwa kikubwa, kila mtu alimwita Njiti. Hata kwenye maisha yake alikuwa analelewa na baba, fundi bomba, mtu wa utani, aliyekuja kumchukua kila jioni akiwa na tope mpaka magotini na hakuruhusiwa kukanyaga zulia la seti.

Siku moja mchana, zikiwa zimebaki siku mbili za kazi, simu iliita ofisini. Mtaro aliokuwa akilaza mabomba ulikuwa umebomoka. Walipomfukua hakuwa hai. Maziko yalipangwa asubuhi iliyofuata.

Mtayarishaji alifunga mlango wa ofisi, ndani wakiwa yeye, mwongozaji, dada, na shangazi wa Njiti aliyeleta habari kamili. Mtayarishaji hakuwa mtu mbaya, dada alisisitiza hilo kila mara. Alikuwa amechoka, na jengo walilokodi lilikuwa linarudishwa kwa wenyewe mwisho wa wiki.

"Tukimwambia leo, hatuna filamu," alisema. "Bado lile tukio la mlangoni, baba anarudi, mtoto anacheka. Nani atamchekesha akishajua?"

Dada akauliza, "Na maziko?"

"Mtoto wa miaka tisa kaburini atafanya nini, mwalimu? Akimaliza kesho jioni tutamwambia taratibu, sote tukiwepo."

Dada alimgeukia shangazi mtu. Yule mama alikuwa ameshika kanga yake mdomoni. "Atalia leo, atalia kesho," alisema. "Kaka yangu harudi. Mwacheni amalize, angalau awe na kitu cha kukumbukwa."

Dada hakusema ndiyo wala hapana. Alitoka, akaenda kukaa kwenye kigoda chake.

Wakarekodi tukio la mlangoni. Njiti alifungua mlango, akamwona yule mwigizaji aliyekuwa baba yake wa filamu akiwa na begi, na akacheka. Wengi mmekiona kile kicheko. Kinaanza kama kikohozi, kinapanda, mtoto anajishika tumbo, anakaa chini sakafuni akicheka, na mwigizaji naye anashindwa kujizuia. Waliokuwa nyuma ya kamera walipiga makofi, hata mwenye taa. Mwongozaji akasema apumzike kidogo warudie kwa upande mwingine.

Njiti akaja kwa dada anahema, akaketi miguuni pake. Akauliza, "Mama Tulia, leo ni baba anakuja kunichukua, au shangazi? Maana nimemwona shangazi ofisini."

Dada alimshika mkono akaenda naye chumba cha mavazi. Akaondoa nguo kwenye kiti, akamkalisha, akapiga magoti mbele yake, akamwambia. Alimwambia kwa maneno ya kawaida, kwamba mtaro ulimbomokea baba akiwa kazini, kwamba amefariki, kwamba anazikwa kesho asubuhi na kama anataka kwenda atampeleka yeye mwenyewe. Njiti aliuliza kama baba aliumia sana. Dada akasema hajui, na hatamdanganya. Mtoto akavua viatu vya filamu, akavipanga vizuri chini ya meza, akaomba vyake.

Mtayarishaji aliwakuta koridoni. "Umefanya nini, mwalimu?"

"Nimemwambia."

"Basi usirudi."

Asubuhi iliyofuata dada alisimama na Njiti kaburini, wameshikana mikono. Udongo ulipokuwa ukirudishwa, mtoto aliinua kichwa.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu mchana."

"Kwa hiyo nilipokuwa nacheka, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Njiti akautoa mkono wake, akavuka upande wa pili, akasimama na shangazi yake. Hawakusemeshana tena siku hiyo. Shangazi alimhamishia mji mwingine, na Njiti hakuigiza tena.

Filamu ilimaliziwa kwa kile kipande kimoja walichokuwa nacho. Ilipendwa kupita zote. Ilirudiwa kila likizo ya shule, watoto wakakua nayo, watoto wao wakakua nayo. Dada hakuwahi kuiona mpaka mwisho. Ikifika sehemu ya mlangoni alinyanyuka akaenda kushughulika jikoni, na sisi tulijifunza kupunguza sauti. Watu waliokijua kisa hicho walimsifu kwamba alisimama na mtoto. Aliwajibu, "Nilisimama nimechelewa." Mtu akiendelea kumsifu, alibadilisha mazungumzo.

Alirudi chekechea nyuma ya posta, akafundisha kwa miaka minne. Kampuni nyingine ilimwita mwaka 1990, akafanya kazi nao hadi alipostaafu mwaka 2009. Mumewe alitangulia Agosti 2004 kwa shinikizo la damu. Kaka yetu alifuata miaka michache baadaye. Nyumba ya dada ikawa ya mtu mmoja na redio. Nilipomtembelea nilimkuta amepika kwa ajili ya watu wanne, akasema mkono haujazoea kipimo kidogo.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 miguu yake ilianza kuvimba. Alidhani ni uzee. Alipokubali kwenda hospitali ya wilaya, figo zote mbili zilikuwa zimechoka, na akaanzishiwa kusafishwa damu kwa mashine. Nilimpigia mwanawe simu nikamweleza hali ilivyo. Akasema, "Nakuja." Alikuja na mkewe na watoto, akapanga chumba jirani na mama yake, na kuanzia hapo ndiye aliyempeleka na kumrudisha. Sitasema walimaliza yote yaliyokuwa kati yao. Njiani walikuwa wanabishana kuhusu dirisha la gari, lifunguliwe au lifungwe. Ila walibishana kila wiki, wakiwa pamoja.

Wodi ya mashine ina viti vilivyopangwa kandokando ya ukuta, na mgonjwa anakaa humo asubuhi nzima akiitazama damu yake ikipita kwenye mpira. Aprili 2022, nikiwa nimeshika zamu ya kukaa naye, aliingia mwanamke mrefu aliyevaa sare ya mkutubi, begi begani. Alisimama mbele ya kiti cha dada. Dada alimtazama usoni kwa muda, halafu akatazama kichwa.

"Njiti," alisema.

"Nimesikia unaumwa. Nimekuja kukaa tu."

Akavuta benchi akakaa. Walizungumza juu ya mvua, juu ya shangazi aliyekwisha kufariki, juu ya watoto wake wawili. Nilitaka kutoka, dada akanionyesha kwa jicho nibaki. Baadaye Njiti alisema, "Watoto wangu wanaipenda ile filamu. Hawajui kwamba yule ni mimi. Huwa nakaa nao, nikifika mlangoni naangalia."

Dada alisema, "Mwanangu, mimi siwezi."

"Najua. Nilikuchukia sana kwa ajili ya ile saa. Niliona umenifanya mjinga mbele ya watu." Aliinamia begi lake, akalifunga zipu iliyokuwa tayari imefungwa. "Lakini kile ndicho kicheko changu cha mwisho nikijua nina baba. Nikikiangalia, ndani yake baba bado anakuja kunichukua. Kama ungeniambia mapema, nisingekuwa nacho."

Dada alitikisa kichwa. "Usinishukuru kwa hilo. Nilinyamaza kwa woga. Nilitaka kazi yangu na nilitaka kumwambia mtoto ukweli, nikavitaka vyote viwili."

"Sikushukuru," Njiti alisema. "Nakuambia tu."

Mashine ikalia kuashiria muda umeisha, muuguzi akaja kutoa sindano, na Njiti akambonyezea pamba mkononi mpaka damu ikakata. Alikuja tena mwezi uliofuata, na mingine. Nilichokiona ni kwamba hawakuizungumzia tena filamu.

Mwisho wa mwaka moyo ulianza kushindwa kuvumilia mashine. Daktari alieleza, na dada akamwambia aeleze tena mbele ya mwanawe na wajukuu, wote wasikie sawa. Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, asubuhi, akiwa kwenye kiti chake wodini, shinikizo lilishuka na halikupanda. Mwanawe alikuwa ametoka kumnunulia maji. Aliporudi walikuwa wameshavuta pazia. Alibaki amesimama na ile chupa, na nilipofika nilimkuta bado ameishika, na nilipotaka kuipokea hakuiachia.

Marehemu ameacha mtoto mmoja wa kiume, mkamwana mmoja, wajukuu wawili, dada mmoja ambaye ni mgonjwa na hakuweza kusafiri, na mimi. Ameacha pia watoto wengi aliowakalia chini ya kamera, ambao leo baadhi yao wana mvi, na nawaona hapa. Jana jioni, tulipokuwa tunapanga nani asimame wapi, mwanawe alienda mwenyewe kumwomba Njiti asimame upande wa wafiwa. Njiti alisema hastahili. Mwanawe akamwambia, "Hata mimi nilidhani sistahili." Yuko kule kushoto, mwenye kitambaa cha kijivu. Mkipita kutoa pole, ndugu zangu, msimruke.

Dada yetu, pumziko lako lianze sasa, na Mungu akupokee kwa amani.